Neno, Saini na Jicho la Jirani

Watu wengi hudhani kwamba sheria si maandishi ya kusomwa na mhakiki. Huiona kuwa ni mali ya mawakili na mahakimu, maneno makavu yaliyowekwa mstari juu ya mstari, yasiyokuwa na ladha wala sauti ya mtu. Walakini sheria nayo ni maandishi. Inao wasemaji wake na wasikilizaji wake. Inayo maneno iliyoyachagua na maneno iliyoyakwepa, na aghalabu lile lililokwepwa ndilo lenye habari kubwa zaidi. Mshairi akikosea neno, msomaji hukunja uso akapita. Mtunga sheria akikosea neno, mjane huweza kutolewa nyumbani. Hapana maandishi, basi, yanayostahili kupimwa neno kwa neno kuliko yale yahusuyo nyumba za watu.

Tangu mwaka 1989 imezuka duniani sheria ya namna ambayo kabla yake haikujulikana. Ni sheria iwapayo watu wawili ruhusa ya kuandikisha maisha yao ya pamoja katika daftari la serikali pasipo kufunga ndoa. Denmark ndiyo iliyotangulia, na sheria yake ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1989. Hiyo iliandikwa kwa ajili ya watu wa jinsia moja, ambao mlango wa ndoa ulikuwa umefungwa mbele yao. Uholanzi ilipotunga sheria ya namna hiyo, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1998, daftari lilifunguliwa kwa wote, mwanamume na mwanamke pia. Ufaransa ikafanya hivyo mwaka 1999. Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Kumpa daftari mtu asiyeweza kuoa ni jambo moja. Kumpa mtu awezaye kuoa asiyetaka ni jambo jingine, na hili la pili ndilo linalomlazimisha msomaji aulize: ndoa ina nini ambacho daftari halina, na daftari lina nini ambacho ndoa inakosa?

Msomaji wa Kiswahili anayo mizani yake tayari. Katika pwani ya Afrika Mashariki ndoa ni neno lililosemwa. Walii hutamka kwamba amemwoza bwana fulani binti fulani kwa mahari yaliyotajwa. Bwana arusi hujibu kwamba amekubali. Mashahidi wawili husikia. Hiyo ndiyo ijabu na kabuli, na ikishatamkwa ndoa imesimama. Cheti huandikwa kuwa kumbukumbu ya jambo lililokwisha kuwa. Kanisani nako maarusi huapa kwa vinywa vyao mbele ya kusanyiko. Katika mila nyingi za bara wazee husemezana, mahari hupokewa, na neno la wazee huwafunga hata watoto ambao hawajazaliwa. Ahadi ni deni, na deni hilo hukopwa kwa ulimi.

Lakini lugha hiyohiyo inayolitukuza neno la ndoa inafichua pia namna lilivyogawanywa. Kitenzi chenyewe kinasema. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, baba huoza. Watu watatu wanahusika na tendo moja, na mmoja wao tu, yule mwanamke, amewekwa katika kauli ya kutendwa. Ni kweli kwamba Kiswahili kina neno kuoana, ambalo huwaweka wawili sawa, kila mmoja akimtenda mwenzake. Hata hivyo masikio hayajazoea kusikia kwamba bibi fulani ameoa; akisemwa hivyo, huwa ni kwa mzaha au kwa matusi. Sarufi imehifadhi historia ambayo sheria za siku hizi zingependa kuisahau.

Hoja hii ya sarufi huenda ikaonekana kuwa ni uchokozi wa wanalugha tu, lau isingekuwa imefika katika mahakama kuu kuliko zote za Uingereza. Mwaka 2004 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Ushirika wa Kiraia, nayo ikaanza kutumika mwezi wa Desemba 2005. Ilikuwa ya watu wa jinsia moja peke yao. Mwaka 2014 watu hao wakaruhusiwa pia kufunga ndoa katika Uingereza na Wales, wakawa na milango miwili, hali mwanamume na mwanamke walikuwa na mmoja. Mwaka huohuo Rebecca Steinfeld na Charles Keidan walikwenda kwa msajili huko Chelsea, London, wakataka waandikwe kuwa ni washirika wa kiraia. Wakakataliwa, kwa kuwa sheria ilitaka wawili wa jinsia moja. Wakashindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2016, wakashindwa tena katika Mahakama ya Rufani mwaka 2017. Tarehe 27 Juni 2018 majaji wote watano wa Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Lord Kerr, walikubaliana kwamba ubaguzi huo haukupatana na haki za binadamu. Sheria ikabadilishwa, na tarehe 31 Desemba 2019 mwanamume na mwanamke wakaandikishwa kwa mara ya kwanza katika Uingereza na Wales.

Yafaa kutazama kwa makini watu hawa walikuwa wakidai nini. Hawakuikimbia mizigo. Ushirika wa kiraia wa Kiingereza una karibu haki zote na wajibu wote wa ndoa: urithi, kodi, malezi, mgawanyo wa mali. Aliyeingia hawezi kutoka mpaka kwa amri ya mahakama. Kilichopiganiwa kwa miaka mitano kilikuwa jina, na historia iliyobebwa na jina hilo, yaani historia ya mke aliyehesabiwa kuwa chini ya mume. Mtu wa haraka atasema kwamba kupigania jina ni anasa ya walioshiba. Msomaji wa lugha hawezi kusema hivyo. Karatasi zenyewe ziliwapa haki: mpaka mwezi wa Mei 2021 cheti cha ndoa cha Uingereza na Wales kilikuwa na nafasi ya majina ya baba za maarusi, wala hakikuwa na nafasi ya mama zao, cheti cha ushirika wa kiraia kiliwaandika wazazi wote tangu mwanzo. Kauli ya kutendwa ilikuwa imepigwa chapa katika fomu ya serikali.

Jambo la pili katika maandishi ya Kiingereza ni zito zaidi, ingawa halikupigiwa kelele. Ndoa ya kiraia huko hufungwa kwa maneno: kila mmoja ni lazima atamke, kwa kauli iliyowekwa na sheria, kwamba anamchukua mwenzake. Ushirika wa kiraia hufungwa kwa kalamu. Unakamilika pale mtu wa pili anapomaliza kutia saini mbele ya msajili na mashahidi, hata kama chumba kizima kimekaa kimya. Wanaotaka kusema husema, lakini usemi wao haufungi kitu. Basi tofauti ya hali hizi mbili, ukiondoa jina, ni tofauti ya ulimi na mkono. Kwa mtu aliyelelewa katika ijabu na kabuli tofauti hiyo si ndogo. Neno hulazimisha watu wasikie. Saini hulazimisha watu wasome. Aliyesikia hukumbuka, hata kama hajui kusoma. Aliyetia saini aweza kuwa hakusoma, na asiyejua kusoma hutegemea alivyosomewa.

Ufaransa ilikwenda mbali kuliko Uingereza, kwa sababu haikutaka kuiga ndoa na kubadili jina. Ilitaka kitu chepesi. Njia yake haikuwa nyepesi: mswada wa kwanza ulianguka tarehe 9 Oktoba 1998 kwa kuwa wabunge wa upande wa serikali hawakuhudhuria kwa wingi, na mswada wa pili ulipingwa vikali, mbunge Christine Boutin akiusemea kwa zaidi ya saa tano mfululizo. Sheria ilitiwa saini tarehe 15 Novemba 1999, ikaitwa mapatano ya kiraia ya mshikamano, au kwa ufupisho unaotumiwa na wote, Pacs. Hata mahali pa kuandikishia palichaguliwa kwa hadhari. Ndoa ya Kifaransa hufungwa na meya katika ukumbi wa mji. Pacs ilipelekwa kwa karani wa mahakama, ili isifanane na arusi. Iliingia ofisini kwa meya tarehe 1 Novemba 2017, baada ya miaka 18.

Maandishi ya sheria hiyo yana ustadi wa namna yake. Yanasema kwamba Pacs ni mkataba baina ya watu wazima wawili, wa jinsia mbili au wa jinsia moja, kwa ajili ya kupanga maisha yao ya pamoja. Kitenzi ni kupanga. Mtu hupanga safari, hupanga vitabu, hupanga chumba. Ukifungua mahali pa ndoa katika kanuni hiyohiyo ya Kifaransa utakuta heshima, uaminifu, msaada na kusaidiana, na meya huwasomea maarusi maneno hayo kwa sauti. Katika Pacs utakuta maisha ya pamoja, kusaidiana kwa mali na kusaidiana katika shida. Neno uaminifu halimo. Hilo haliwezi kuwa kosa la mwandishi, kwa kuwa maneno ya ndoa yalikuwa mbele yake alipoandika. Aliliona akaliruka.

Lakini maandishi yanayoruka neno huacha shimo, na msomaji wa kwanza mwenye mamlaka ndiye alilijaza. Baraza la Katiba la Ufaransa, katika uamuzi wake wa tarehe 9 Novemba 1999, liliuliza maana ya maisha ya pamoja. Je, ndugu wawili wanaokaa nyumba moja na kula sufuria moja wana maisha ya pamoja? Baraza likajibu kwamba maneno hayo yana maana zaidi ya ushirika wa masilahi na zaidi ya kukaa chini ya dari moja. Yanadai maisha ya watu wawili walio wapenzi. Basi kile ambacho sheria iliona haya kukitaja, wasomaji wake walikitaja. Hapana mfano mzuri kuliko huu wa kuonyesha kwamba maandishi hayawezi kukimbia kabisa jambo yanaloliandikia.

Wafaransa wameipokea Pacs kwa namna ambayo wapinzani wake na hata watetezi wake hawakuitazamia. Mwaka 2000 ziliandikishwa Pacs kama 22,000, na karibu robo yake zilikuwa za watu wa jinsia moja. Mwaka 2019 zilizidi 190,000, hali ndoa za mwaka huo zilikuwa kama 225,000. Na katika kila Pacs 10, zaidi ya 9 zilikuwa za mwanamume na mwanamke. Sheria iliyobishaniwa kuwa ni ya wachache imekuwa nyumba ya wengi.

Wanapendelea nini ndani yake? Bila shaka wepesi wa kuingia; lakini ustadi wa mkataba haujulikani pale unapoanza, hujulikana pale unapokwisha. Pacs hukoma kwa tamko la wawili wakikubaliana. Hukoma pia kwa tamko la mmoja, likipelekwa kwa mwenzake na mjumbe wa mahakama. Yule wa pili haulizwi kama anakubali. Hukoma kwa mmoja wao kufunga ndoa, hata kama ndoa hiyo ni na mtu mwingine. Tangu mwaka 2007 mali ya kila mmoja huhesabiwa kuwa yake, wasipoandika vinginevyo. Hapo mtu mwenye mshahara wake na akiba yake hana cha kuogopa. Yule aliyeacha kazi akalea watoto katika nyumba iliyoandikwa kwa jina la mwenzake yuko katika hali nyingine.

Na mauti ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Tangu mwaka 2007 mshirika wa Pacs halipi kodi ya urithi kwa alichoachiwa, lakini ni sharti aachiwe: pasipo wosia harithi kitu. Sheria humruhusu kukaa mwaka mmoja katika nyumba waliyokuwa wakiishi. Pensheni ambayo mjane wa ndoa hupata kwa kazi ya marehemu mumewe, yeye haipati. Maandishi haya yameandikwa na watu wenye afya kwa ajili ya watu wenye afya. Ukiyasoma ukiwa kijana yanapendeza kama mlango usio na komeo; ukiyasoma ukiwa mjane utauliza kwa nini mlango huo haukuwa na komeo.

Uholanzi ilionyesha kioja kinachothibitisha neno hili. Tangu mwaka 2001 watu waliooana waliweza kugeuza ndoa yao kuwa ushirika ulioandikishwa. Na kwa kuwa ushirika uliweza kuvunjwa pasipo mahakama, baadhi ya watu walioshindwana waliigeuza ndoa asubuhi ili waivunje kwa urahisi baadaye. Daftari lililotungwa liwe mlango wa kuingilia likatumika kuwa mlango wa nyuma wa kutokea. Njia hiyo ilifungwa mwaka 2009.

Yapo maswali ambayo wepesi huu ungeweza kuyajibu lakini umeyajibu nchi moja moja tu. Ubelgiji, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, iliwaruhusu watu wawili wowote wanaoishi pamoja kuandikishwa, hata wakiwa ndugu. Uingereza ilikataa. Joyce na Sybil Burden, dada wawili wazee wa Wiltshire walioishi pamoja maisha yao yote, waliogopa kwamba atakayebaki atalazimika kuuza nyumba ili alipe kodi ya urithi. Tarehe 29 Aprili 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwakatalia kwa kura 15 dhidi ya 2. Ilisema kwamba udugu ni wa damu, na ndoa au ushirika wa kiraia ni ahadi ya hadharani iliyochaguliwa. Hoja hiyo ina nguvu, walakini inaonyesha kwamba hata daftari lililokusudiwa kuachana na ndoa linaendelea kupimwa kwa kipimo cha ndoa. Lingekuwa mkataba wa kupanga maisha tu, wale dada wangekuwa wa kwanza kuandikwa.

Kiswahili kitaiitaje hali hii? Ubia ni neno la duka na jahazi. Wabia hugawana faida, na mmoja akifilisika mwenzake humwangalia kwa jicho la hesabu. Ushirika una heshima, lakini masikio ya wengi husikia ndani yake kahawa, pamba na mizani ya chama. Mapatano ni ya watu waliogombana. Kuishi kinyumba ndiyo kauli ya watu wenyewe, nayo ni kweli, ila huwa na kidole kilichonyooshwa ndani yake, kama vile hawara na kimada yalivyo majina ambayo mtu huitwa na wengine, asijiite mwenyewe. Labda unyumba wa daftari ungefaa: unyumba kwa kuwa ndicho kitu chenyewe, na daftari kwa kuwa ndilo linaloutofautisha. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na yafaa kukumbuka kwamba methali hiyo husemwa juu ya mali. Watu hawakuhesabiwa humo.

Uzito wa jambo hili kwa msomaji wa Afrika Mashariki haupo katika kuiga maandishi ya Paris au London. Upo katika kuyaweka kando ya maandishi ambayo Tanzania Bara imekuwa nayo tangu mwaka 1971. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitishwa kuwa wameishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowapatia sifa ya kuwa mume na mke, patakuwa na dhana kwamba wameoana kihalali. Dhana hiyo yaweza kukanushwa; lakini ikikanushwa, kifungu kidogo cha pili kinamruhusu mwanamke aombe matunzo yake na ya watoto, na mahakama yaweza kumpa nafuu nyingine.

Neno la kushika hapa ni sifa. Sheria haikuuliza kama walisema, wala haikuuliza kama walitia saini. Imeuliza walijulikanaje. Shahidi wa ijabu na kabuli ni masikio ya watu wawili. Shahidi wa daftari ni kalamu ya msajili. Shahidi wa kifungu hiki ni mtaa mzima: nani alimwita shemeji, nani alimpa salamu za mke wa fulani, alikaa wapi siku ya matanga ya mama mkwe. Ni sheria iliyoandikwa na mtu ajuaye jinsi watu wanavyoishi. Imekubali kwamba nyumba huweza kusimama pasipo siku ya kuanza kujulikana, kama mti uliokuwako kabla mtu hajauliza ulipandwa lini.

Pana kasoro zake. Sifa ni kitu kinachokana na kutegemea. Jirani akihama au akinunuliwa, ushahidi hupungua. Mume mwenye ndoa nyingine isiyoruhusu mke wa pili humwangusha mwanamke ambaye hakuwa na habari. Kenya imezihisi kasoro hizo. Katika shauri lililoamuliwa tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba dhana ya ndoa ingaliko, lakini itumiwe kwa uchache, na ikalitaka Bunge litunge sheria ya watu wanaoishi pamoja kwa muda mrefu pasipo kuoana. Katika shauri hilo mwanamume ndiye aliyedai kwamba mwanamke aliyeishi naye miaka mingi alikuwa mkewe. Ndoa haikuonekana, kwa kuwa mwanamke alikuwa na ndoa nyingine. Lakini mali iligawanywa kwa mchango, mwanamke asilimia 70 na mwanamume 30. Majaji walikataa jina wakaitambua kazi.

Na kutambua kazi si jambo geni katika mahakama za huku. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliulizwa maana ya neno kazi katika kifungu kinachohusu mgawanyo wa mali ya ndoa. Jaji Mkuu Nyalali alilisoma neno hilo kwa upana, akasema kwamba kupika, kufua na kulea ni kazi inayochangia mali, ingawa bibi mwenyewe hakuongezewa kitu katika rufani yake. Neno moja lililosomwa vema limefaa wanawake wengi kuliko vifungu vingi vilivyoandikwa upya.

Hapa ndipo mhakiki anapotakiwa kutoa hukumu yake. Watakaopendekeza unyumba wa daftari katika nchi hizi watakuwa na hoja njema. Wako watu wasiotaka kuoana, kwa imani yao au kwa majeraha yao; wengine hawakuweza mahari, wengine wamefiwa na hawataki watoto wa kwanza wahesabu kwamba baba amewasahau. Kuwapa jina la kweli ni bora kuliko kuwalazimisha waseme neno wasilolikusudia. Walakini kila mlango mpya unapofunguliwa, lawama ya aliyebaki nje huongezeka. Afrika Kusini imeonyesha jinsi hoja hiyo inavyokwenda. Mwaka 2005, katika shauri la Volks na Robinson, wengi wa majaji wa Mahakama ya Katiba walimnyima mwanamke matunzo kutoka katika mali ya mwanamume aliyeishi naye kwa miaka mingi, kwa sababu waliweza kuoana na hawakuoana. Jaji Sachs na wengine walipinga. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilitunga Sheria ya Muungano wa Kiraia, ambayo huwaacha wawili wachague kama hali yao itaitwa ndoa au ushirika wa kiraia, nguvu zake zikiwa zilezile. Milango ikawa mingi, na mwanamke ambaye mwenzake hataki kwenda popote akabaki palepale. Tarehe 31 Desemba 2021, katika shauri la Bwanya, ndipo mahakama ileile ilipogeuka, ikampa haki ya kurithi na ya matunzo mtu aliyeishi na mwenzake katika unyumba wa kudumu wa kutegemeana.

Kosa la hukumu ya mwaka 2005 lilikuwa kosa la usomaji. Ilisoma kwamba hawakuoana, ikafahamu kwamba wote wawili hawakutaka. Kiambishi cha wingi kiliwafunika watu wawili waliokuwa na nia mbili. Katika nyumba nyingi kalamu iko mfukoni mwa mmoja. Yeye ndiye anayesema kesho, baada ya mavuno, baada ya ujenzi kwisha. Na mwingine hungoja kwa sababu ana watoto na hana pa kwenda. Mwambie mtu huyo kwamba alikuwa na milango miwili badala ya mmoja, nawe umemwongezea hatia, hukumwongezea haki.

Kwa hiyo mwenye kutunga sheria ya unyumba wa daftari katika Kiswahili atafanya vema akiisoma ya Kifaransa kwa ajili ya unyofu wake, ya Kiingereza kwa ajili ya uthabiti wake wa kutoka, na kifungu cha 160 kwa ajili ya huruma yake. Wala asikifute hicho cha mwisho kwa kuwa ameandika kipya. Aliyesema neno na ashikwe kwa neno lake. Aliyetia saini na ashikwe kwa saini yake. Na asiyesema wala kutia saini, aliyepika, akalea, akauguza, akamzika, mahakama iwaite majirani waseme walichokiona.